Besi ya Nyuzi Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Miaka miwili, miezi minne na siku tisa tangu niondoke nyumbani. Zimebaki siku ishirini na tano. Tiketi ninayo, kampuni imenikatia kwa kuwa mkataba unaisha. Ndege ni Ijumaa tarehe 28. Begi moja tu, basi.

Leo tumehamisha nyumba ya bibi mmoja anayekwenda kuishi kwenye jengo la wazee. Vyumba saba viingie kimoja! Kazi za namna hii ndizo zinazovunja mgongo, maana kila kitu kina hadithi, na yeye anataka kuisimulia wakati umekibeba.

Nilikuwa na Dereva. Tunamwita Dereva ingawa lori naendesha mimi. Yeye aliliendesha mara moja tu, akaliegesha ndani ya duka la viatu. Chumba cha nyuma kilikuwa na giza kidogo. Kwenye pembe kasimama mtu, kafunikwa shuka, mabega mapana, hatikisiki. Dereva akavua kofia.

"Shikamoo."

Kimya.

"Shikamoo, mzee!"

Kimya. Akaninong'oneza kwamba huyu ama hasikii ama amekufa, na kama amekufa si kazi yetu, hayumo kwenye orodha.

Nikavuta shuka. Dabo besi! Ile fidla kubwa kuliko mtu, ya kupigwa umesimama. Kuukuu, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, inanukia kama ndani ya kabati. Nyuzi tatu. Dereva, ambaye bado alikuwa na aibu ya kuamkia mbao, akasema imepungukiwa uzi mmoja, jalalani. Sauti ikatoka mlangoni. Yule bibi, na fimbo yake: "Haijapungukiwa kitu. Ilizaliwa na tatu." Akasema zamani ziliundwa hivyo, na hii ni kongwe kuliko babu yake.

Nikaangalia. Kweli, kichwani kuna vigingi vitatu tu vya kukazia nyuzi, na hakuna tundu lililozibwa. Mimi nimebeba fanicha za watu miaka miwili, tundu lililozibwa nalijua.

Nikagusa uzi mmoja. Duuu. Sauti ilipita sakafuni, ikaingia kwenye buti zangu, ikapanda. Mgongo ukaacha kuuma! Dakika moja tu, lakini uliacha.


Jumanne, 4 Machi

Nimeiota. Katika ndoto ilikuwa inanidai kiti.

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunicheka. Nyumbani, kabla ya kuoa, tulikuwa na bendi ya watu wanne. Mimi nilipiga besi. Besi yenyewe ilikuwa beseni la bati lililopinduliwa, fimbo ya ufagio na kamba moja. Uzi mmoja tu! Watu walisema mimi ndiye niliyeifanya bendi isianguke. Halafu mpiga gitaa akaoa, mwimbaji akahama, na beseni mama akalidai akafulie.

Kwa hiyo kwa mtu aliyezoea uzi mmoja, tatu ni utajiri.

Leo tumemaliza nyumba ya bibi. Kazi yetu inakwenda kwa stika. Kijani: kitu kinakwenda na mwenyewe. Njano: mnadani. Nyekundu: jalalani. Ukishabandika, hakuna anayeuliza tena, unabeba rangi. Bibi mwenyewe alikuwa ameibandikia besi stika ya njano, tumboni. Sikupenda. Nikifikiria mnada, watu wanaigongagonga kama tikiti maji… Nikabandua njano. Nikabandika kijani. Nilitaka tu isiende mnadani mpaka nipate ujasiri wa kumuuliza bei.

Nimeiba? Sijaiba. Nimebadilisha stika.


Alhamisi, 6 Machi

Balaa!

Msimamizi ametuita ofisini. Bibi amepiga simu. Anasema aliipiga hiyo besi maisha yake yote, akaiaga vizuri, akalia, akafunga ukurasa, akahamia chumba chake kipya, akafungua mlango, na mwenzake amesimama mbele ya choo! Hawezi kuingia chooni bila kumkumbatia.

Wenzetu wa lori la pili ndio walioipeleka. Waliona kijani, wakabeba kijani. Msimamizi akauliza nani alibandika. Dereva akatazama dari. Mimi nikatazama dari hiyo hiyo. Mwisho nikasema ni mimi, stika zilichanganyika. Msimamizi akasema basi Jumamosi niende nikaichanganyue, kwa muda wangu mwenyewe.


Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda. Chumba cha bibi kina kitanda, meza, dirisha, na besi. Ukitaka kugeuka unamwomba mwenzako atangulie.

Nimemwambia ukweli. Kwamba stika haikuchanganyika, kwamba niliitaka. Akaniambia, "Kumbe mwizi wangu ana masikio. Piga."

Nikamwambia bibi, mimi si mpigaji, mimi ni mbebaji. Akasema aliona nilivyoigusa. Nikashika. Nikapiga vile tulivyopiga zamani, noti mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na pale katikati kunyamaza. Bibi akafumba macho. Alipofumbua akasema noti zangu ni mbovu ila ukimya wangu ni mzuri, na wapigaji wengi hufa hawajui kunyamaza.

Bei! Nikahema. Nitaandika kwa lugha ya kazini: bei ya kitanda kizuri cha watu wawili, pamoja na godoro. Nikamwambia nitafikiria. Akasema nifikirie haraka kwa sababu yeye huamka mara nyingi kwenda chooni.


Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amepiga mchana. Kwanza habari za kiti changu.

Kiti changu ni kile cha mikono ya mbao, karibu na dirisha. Shemeji, kaka yake mke wangu, alikuja kututembelea wiki moja. Sasa ni miezi kumi na moja. Anakaa kwenye kiti changu. Binti yangu aliniambia mto umeshachukua umbo lake, hata asipokuwepo utadhani yupo.

Mke wangu akasema: tarehe 28 ni tarehe 28. Mara ya kwanza niliahirisha kurudi kwa sababu ya friji. Nilinunua friji kubwa nikasubiri kontena miezi minne. Mara ya pili kwa sababu ya kabati la kioo, lililofika milango minne bila kioo wala kabati. "Ukiahirisha tena, Baba Watoto, kiti nampa kaka jumla. Na funguo za mlango nitabadilisha."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sikumwambia habari ya besi. Nilimwambia hali ya hewa.


Jumatano, 12 Machi

Nimemwomba ushauri Profesa. Tunakaa chumba kimoja, ghorofa ya nne. Anafagia maktaba, ndiyo maana ya jina. Anasoma vitabu vyote ila kurasa za mwisho, kwa sababu kengele ya kufunga hulia kabla.

Profesa akafikiri, akasema: besi ya kawaida ina nyuzi nne. Hii ina tatu. Kwa hiyo ni robo tatu ya besi. Kwa hiyo ulipe robo tatu ya bei. Hesabu safi kabisa! Baada ya kazi nikapita kwa bibi kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa, basi nibebe robo tatu ya besi, ile robo nyingine nimwachie mlangoni.

Ila bei imeshuka. Amejikwaa kidole cha mguu mara mbili. Sasa ni bei ya godoro peke yake.


Ijumaa, 14 Machi

Sababu za kununua: Mgongo. Ukimya wangu ni mzuri. Nitafika nyumbani na kitu.

Sababu za kutonunua: haiingii ndani ya begi.

Nimekwenda ofisi ya ndege kuuliza. Dada wa dirishani, mpole sana. Akasema kitu cha ukubwa huo kinakatiwa tiketi yake na kukaa kwenye siti kama abiria. Akaanza kujaza. "Jina la abiria?" Nikasema hana. "Ni bwana au bi?" Nikamwambia dada, ni besi. Akasema kompyuta haikubali besi, lazima bwana au bi. Mtu wa nyuma yangu kwenye foleni akasema kwa umbo hilo andika bi. Mwingine akasema sauti nene, andika bwana. Wakagombana. Nikaondoka polepole. Tiketi yenyewe ilikuwa bei ya nyumba nzima ya fanicha.


Jumatatu, 17 Machi

Msimamizi anasema kontena la kwenda kwetu linafungwa Ijumaa tarehe 28, saa sita mchana. Siku ileile ya ndege yangu! Asubuhi naipeleka besi bohari, mchana napanda ndege. Ila kwenye kontena ni lazima iwe ndani ya sanduku la mbao.

Sanduku! Sisi ni watu wa masanduku. Hilo halinitishi.

Bibi amejikwaa tena. Bei ya mto.


Jumatano, 19 Machi

NIMENUNUA.

Nimelipa bei ya mto wa manyoya, mzuri. Bibi akaongezea uta wake bure, ule wa kusugulia nyuzi, akasema ukikaa bila kazi unapinda. Akashika shingo ya besi, akaiambia kitu, sikusikiliza. Halafu akaingia chooni moja kwa moja, bila kugonga popote, na nikamsikia akicheka peke yake huko ndani.

Mimi na Dereva tumeipandisha ngazi, shingo mbele, kiuno kwenye kona, kama maji. Dereva akasema hii ndiyo kazi safi kuliko zote tulizofanya mwaka huu, na hakuna aliyetulipa.

Imesimama katikati ya vitanda viwili. Profesa akirudi anaiamkia.


Ijumaa, 21 Machi

Nimepiga tangu nilipotoka kazini mpaka chakula cha usiku. Mama wa ghorofa ya tatu, yule anayeuza vitambaa, akapanda kulalamika. Anasema vyombo vyake vinacheza kabatini. Profesa akamweleza kuhusu mawimbi ya sauti. Mama akasema yeye hataki mawimbi, anataka vikombe vyake vitulie. Akakaa kwenye kitanda changu ili aendelee kulalamika vizuri. Nikapiga kidogo ili aone ubaya wenyewe. Akasikiliza nyimbo nne. Alipoondoka akasema kesho nipige mapema, ana wageni.


Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia mke wangu.

Akauliza: "Kubwa kiasi gani?"

Nikasema kama mimi na nusu.

Nilidhani atafoka. Hakufoka, na hiyo ndiyo ilinitia hofu. Akaongea taratibu. Akasema amekaa akahesabu. Kila ninapokaribia kurudi, napata kitu kikubwa cha kubeba. Friji. Kabati. Sasa mfidla. "Hivi nani alikutuma vitu? Wewe unaogopa kurudi."

Nikasema siogopi. Nikasema mtu hawezi kukaa miaka miwili na nusu halafu afike mlangoni na begi. Watu watauliza alikuwa anafanya nini huko. Akasema, "Watu gani? Nyumbani tuko wanne, na mmoja ni kaka yangu, hawezi kuuliza kitu, amelala."

Nikaweka simu juu ya kitanda, nikapiga besi. Noti ya kwenda, kunyamaza, noti ya kurudi. Nilipochukua simu nikadhani imekatika.

"Hilo ni beseni," akasema.

Nikamwambia si beseni, ni dabo besi ya miaka mingi.

"Ni beseni. Nililisikia nikiwa nyuma ya ukuta wa shule, na sikujua bado mpigaji ana masikio makubwa." Akapenga kamasi. Halafu akarudi alivyo: "Ije, isije, haya. Wewe Jumamosi uwe hapa. Wewe, nasema."

Naogopa kweli. Niandike tu. Mwanangu wa mwisho alikuwa hatembei nilipoondoka. Sasa ananiita "simu".


Alhamisi, 27 Machi

Siku ya mwisho ya kazi. Msimamizi amenipa mkono na glavu mpya, sijui za nini.

Jioni, mimi na Dereva tumetengeneza sanduku. Kanuni ya kazi: mzigo unafungwa palepale ulipo. Hautembezwi uchi. Basi tumefungia chumbani. Mbao nene, skrubu kila upana wa kiganja, blanketi mbili ndani, sponji kwenye shingo. Nje tumeandika JUU kwa rangi, pande zote sita, ili asitokee mjinga wa kuilaza vibaya. Tumepima mlango wa chumba: linapita na vidole viwili vya akiba. Dereva akaligonga sanduku, akalisikiliza, akasema hata lianguke kutoka mwezini halivunjiki.

Profesa akauliza: na ngazi? Tukamcheka. Tukamwambia Profesa, ngazi tuachie sisi.


Ijumaa, 28 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika nimekaa kwenye ngazi.

Limekwama.

Kona ya kati ya ghorofa ya tatu na ya pili. Besi ilipanda bila sanduku kama maji. Sasa inashuka na sanduku kama kabati la benki. Mlango tulipima. Kona hatukupima! Sisi, tunaopima kona za watu kila siku! Haliendi chini, halirudi juu. Mimi niko upande wa juu na begi langu. Dereva yuko chini. Profesa yuko nyuma yangu, hasemi kitu, na anavyonyamaza ni kama anapiga kelele.

Chini, pamoja na Dereva, yuko mama wa ghorofa ya tatu na vitambaa vyake kichwani, anataka kupanda kwake. Namsikia. "Nyie si ndio wahamishaji? Sasa mbona hamhamishi?" Dereva anamwita "mama yangu", anamwomba asubiri. Mama anasema alianza kusubiri akiwa msichana.

Skrubu za upande mmoja zimebanwa na ukuta, za upande wa pili na chuma cha ngazi. Dereva kaleta msumeno. Kauliza akate wapi, shingo iko upande gani? Nikamwambia soma. Akasema, "Imeandikwa JUU kila mahali, kaka." Nikamwambia weka msumeno chini.


Saa nne na nusu. Msimamizi kwenye simu. Kontena haliwezi kusubiri. La pili litaondoka baada ya wiki saba. Akasema, kwa wema tu, najua ni wema: nikitaka anaweza kunisogezea tiketi, nibaki na mzigo wangu, tusafiri pamoja, na kazi ipo.

Wiki saba. Nilifungua mdomo. Nasema ukweli, mdomo ulikuwa umeshafunguka na neno "sawa" liko kwenye meno. Friji. Kabati.

Nikamwambia nitampigia.


Saa tano kasoro. Ndege ni saa tisa. Teksi inapiga honi huko nje.

Juu ya sanduku, kati yake na dari ya kona, kuna uwazi. Profesa kaupima kwa rula yake: unamtosha mtu mmoja, akitoa pumzi yote. Begi halipiti. Nimelijaribu kwa ulalo, kwa wima, nimelikanyaga. Halipiti. Ndani mna mashati, zawadi za watoto, na zile glavu mpya. Pasi na tiketi ninazo mfukoni. Daftari hili litaingia kifuani.

Profesa anasema begi atalituma, na besi ataiangalia mpaka kontena lijalo, na atakuwa anaipigia hodi kila akipita. Mama wa ghorofa ya tatu anasema hapana, isitumwe popote, ikishatolewa hapo iwekwe kwake, vikombe vimeshazoea. Wamebishana kupitia ule uwazi. Profesa kaniacha hapa, kapanda kuleta sabuni ya maji, kwa ajili ya mabega yangu.

Nimejaribu. Uta umepita, Dereva kaupokea, kaushika kama mshumaa. Kichwa kimepita. Bega moja limepita. Tumbo bado, nimerudi kusubiri sabuni.

Simu imeita. Mke wangu: "Umetoka?"

Nimemjibu: natoka sasa hivi. Nafika kesho Jumamosi, saa kumi jioni. Sina begi, sina mzigo, nina kijiti kimoja. Mwambie shemeji aanze kuinuka.